Elimu ya miti ianzie kitaluni

Kila Aprili 1, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, viongozi na wanafunzi wa vijiji vya Moshi hushika majembe. Ni jambo jema, ila kwa elimu siku hiyo imechelewa. Mti wa mgrevilea hukaa kitaluni miezi 4 hadi 6, hivyo anayetaka kupanda masika awe amesia mbegu Oktoba au Novemba. Kamati ya mazingira ya kijiji ipange somo la kwanza wakati huo, wananchi wakijaza viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, kwa mikono yao wenyewe.

Somo linalosahaulika zaidi ni la mizizi. Mche uliokaa mno kwenye kiriba huzungusha mizizi chini. Ukiupanda hivyo utachipua vizuri, kisha udumae au uanguke kwa upepo baada ya miaka kadhaa, na mwenye shamba atalaumu udongo. Mwezeshaji achane kiriba kimoja mbele ya watu, kila mtu aone na aguse. Hapo hapo aonyeshe kwamba kiriba huondolewa kabla ya kufukia, udongo wa mche usivunjike, na shina lisizikwe kupita lilivyokuwa kitaluni.

Mafunzo ya aina ya miti yafanyikie kihambani. Kihamba cha Mchagga ni kilimo mseto cha miaka mingi: miti mirefu juu, migomba katikati, kahawa chini yake. Waalikeni wazee wafundishe. Wao ndio wanaojua kwa nini mruka uliachwa juu ya kahawa: kivuli chake ni chepesi, nao ni wa jamii ya mikunde, hivyo hurutubisha udongo. Wanajua mringaringa kwa mbao zake na msesewe kwa magome yanayotiwa kwenye mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga. Kijana akijua faida ya mti kwa jina lake, hatakuwa mwepesi wa kuukata. Naamini hili kuliko bango lolote.

Mgrevilea unafaa mipakani, mita 2.5 hadi 3 kutoka mche hadi mche. Matawi yake yakipogolewa hutoa kuni bila kuangusha mti, na kwa akina mama hiyo ni safari moja ya msituni iliyopungua. Mikaratusi ikae mbali na chemchemi na mifongo (mifereji ya asili ya kumwagilia), kwa kuwa hunywa maji mengi.

Kuhusu vyanzo vya maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60. Msiisome tu mkutanoni. Nendeni mtoni na kamba, pimeni, pigeni kigingi. Kigingi kikiangukia katikati ya mahindi ya mtu, maswali ya kweli yataanza, na afisa misitu wa wilaya awepo kuyajibu kwa upole. Mwenye shamba asiondoke akihisi amenyang'anywa. Aelezwe anachoweza kuweka hapo badala ya mahindi: miti ya asili, malisho ya kukata na mizinga ya nyuki.

Baada ya masika kila kaya itandaze majani makavu kuzunguka mche bila kugusa shina, na mbuzi wafungwe. Septemba kamati ipite kihamba kwa kihamba kuhesabu miche iliyo hai na kuuliza iliyokufa ilikufaje. Majibu hayo yawe somo la msimu unaofuata, na mapengo yazibwe mvua za vuli zikishalowesha udongo.