Namna ya Kumsaidia Aliyezidiwa na Unga

Unga, kama heroini inavyoitwa mitaani Unguja na Pemba, huua kwa njia moja zaidi ya nyingine zote: hukata pumzi. Ukishaingia mwilini hugeuka kuwa mofini, ambayo hushika vipokezi vya ubongo vinavyotuliza maumivu na kuleta raha. Lakini vipokezi vya aina hiyohiyo vimo pia katika shina la ubongo, panapoamrishwa kupumua, na ndiyo maana aliyezidisha huvuta pumzi moja, akakaa kimya, akavuta nyingine kwa taabu, mpaka zikakatika.

Ukimkuta mtu amelala barazani nawe una shaka, tazama mboni za macho, ambazo husinyaa zikawa kama ncha ya sindano, kisha tazama midomo na kucha kama zimegeuka kijivu au samawati. Sikiliza pia mkoromo. Ni mzito, wenye maji kooni, na huachana kwa muda mrefu. Nawaomba wazazi hasa waujue, kwa sababu ndio unaowafanya watu wa nyumbani waseme "mwacheni alale", na asubuhi wakamkuta amekwisha kuwa baridi.

Mwite kwa jina na umsugue kwa nguvu katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Asipoitika, mtume mtu akatafute gari, nawe mlaze chali, inua kidevu, toa kilichomo mdomoni, mbane pua, umpulizie pumzi moja kila baada ya sekunde 5 huku ukiangalia kifua kikiinuka. Mapigo ya moyo yakikosekana, kandamiza kifua. Akianza kupumua mwenyewe, mgeuze alale ubavu ili matapishi yasimkabe. Usimmwagie maji wala kumnywesha maziwa, kwani asiyejitambua hukabwa na chochote kimiminikacho.

Hospitalini sema wazi alichotumia. Dawa iitwayo naloksoni huung'oa unga kwenye vipokezi, na mgonjwa huweza kuamka ndani ya dakika chache, lakini nguvu ya dawa hiyo huisha baada ya dakika 30 hadi 90, kwa hiyo asiruhusiwe kuondoka kwa kuwa tu amesimama.

Aliye hatarini zaidi ni yule aliyetoka karibuni jela au soba hausi, yaani nyumba ya kuachia unga: mwili umekwisha kupoteza uzoefu, naye hurudia kipimo chake cha zamani. Wanaochanganya unga na pombe au valiamu, dawa ya kutuliza, nao wamo.

Arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, huanza saa 6 hadi 12 baada ya kipimo cha mwisho na huwa kali zaidi siku 2 au 3 za mwanzo. Ndiyo inayomrudisha kijana maskani hata akiwa ameapa kuacha. Methadoni, dawa inayotolewa hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, tangu 2015, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu na huizuia arosto hiyo. Akipata nafuu, fuatana naye asubuhi ileile akaandikishwe.