Mara ya kwanza Kili? Anza na buti

Jamani kama ndo unapanda Kilimanjaro mara ya kwanza, cha kwanza ni buti, na usinunue wiki ya safari. Nunua mapema, hata za mtumba pale soko la Memorial, Moshi, zipo nzuri tu, halafu zivae kila siku, sokoni, kazini, kwenye vilima vya karibu, mpaka zikuzoee. Kata kucha za miguu kabla hujaondoka, manake ukishuka toka kule kileleni, mita 5,895, vidole vinagonga mbele ya buti masaa na masaa, mi kucha mbili ziligeuka nyeusi na zikang'oka.

Nguo za pamba acha nyumbani, zikilowa jasho hazikauki na baridi inakuingia mpaka mifupani. Vaa tabaka tabaka: ya ndani nyepesi, sweta zito, juu jaketi la kuzuia upepo na mvua. Glavu nene, kofia ya kufunika masikio, tochi ya kichwani na betri za akiba, hizo betri lala nazo kabisa, baridi inazimaliza. Usiku wa kileleni mnatoka Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, kama saa sita, chupa ya maji igeuze kichwa chini kwenye begi, barafu inaanzia juu kwa hiyo mdomo hauzibi.

Siku ya ziada pale Horombo, kambi iliyo chini ya Kibo, ichukue ili mwili uzoee hewa nyepesi ya juu, usibane hela hapo. Kichwa kikigonga sana au ukitapika mwambie muongozaji saa hiyohiyo, usijikaze, hali ikizidi shuka.