SOMO: Mtaa wenu unataka mradi wa halmashauri? Anzeni na muhtasari

Ndugu zangu, kila mwaka nasikia kilio kilekile: mtaa wa jirani wamejengewa zahanati, sisi tumesahaulika. Nimekuwa katibu wa kamati ya ujenzi kwenye mtaa mmoja wa Temeke, na nililojifunza ni hili: fedha hufuata shida iliyoandikwa, ikapitishwa na mkutano, ikawa na kiwanja. Nyingine zote hubaki maongezi ya kibarazani.

Hatua ya 1: Jueni mlango. Tangu 2017 barabara za mitaa na mitaro yake ziko TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Maji ni DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Halmashauri yenu, iwe Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, ndiyo ya madarasa, zahanati, vyoo vya shule, masoko na ofisi za mtaa. Sisi tulipeleka ombi la mtaro mlango usio wake, tukangoja mwaka mzima. Masika yakaja, maji yakaingia kwenye nyumba zilezile. Kosa lilikuwa letu, na linaniuma hadi leo.

Hatua ya 2: Jueni kapu la fedha. Kuna mapato ya ndani: ushuru wa huduma unaolipwa na makampuni, leseni za biashara, ushuru wa masoko, ada za vibali vya ujenzi. Hapo ndipo madiwani wana sauti kubwa zaidi.

Kuna ruzuku ya Serikali Kuu, na hiyo huja na jina la kazi yake. Mwaka 2021, fedha za Uviko zilipokuja, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Hakuna aliyeweza kuzihamishia sokoni. Halafu kuna miradi mikubwa ya mkopo kama DMDP, mradi wa kuendeleza Jiji la Dar es Salaam kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliyoanza 2015 na kufika Tandale, Kiwalani na Mbagala Kuu. Hiyo mtaa hauiombi kwa barua.

Kuna Mfuko wa Jimbo, wa sheria ya 2009, ambao mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge. Kazi yake ni kuchochea, kwa hiyo waonyesheni kazi mliyokwisha kuianza: mfuko upo kwa ajili ya saruji na mabati ya kuisukuma mbele.

Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake (4), vijana (4) na watu wenye ulemavu (2)? Ule ni mkopo wa vikundi, hauna riba lakini unarudishwa. Msiupigie hesabu ya zahanati.

Hatua ya 3: Mkutano wa wakazi. Mwenyekiti wa mtaa auitishe. Chagueni mradi mmoja uwe wa kwanza. Orodha ya miradi tisa inawapa wataalamu nafasi ya kuchagua ulio rahisi kwao. Muhtasari uwe na mahudhurio yenye sahihi, uamuzi, mchango wenu na mhuri.

Hatua ya 4: Kiwanja. Hapa ndipo maombi mengi ya Dar yanapokufa, maana eneo la wazi limekwisha. Mzee akitoa eneo lake kwa mdomo, shukuruni, kisha siku hiyohiyo andikeni, wanawe wawe mashahidi. Akifariki bila karatasi, warithi watalidai, na watakuwa na haki ya kuuliza. Mkiwa na karatasi, mwombeni mhandisi wa halmashauri aje kufanya makadirio ya gharama. Makadirio ya fundi wa mtaani hayatapita.

Hatua ya 5: Kata, kisha Baraza. Ombi linapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani akiwa mwenyekiti na mtendaji wa kata akiwa katibu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini kwa kawaida Baraza la Madiwani hupitisha makadirio Januari au Februari. Kabla Novemba haijaisha, karatasi zenu ziwe zimeshatoka kata. Ombi la Machi linakuta gari limeshaondoka.

Hatua ya 6: Fedha zikifika, undeni kamati tatu: ujenzi, manunuzi, mapokezi. Wa mapokezi ahesabu mifuko na nondo kabla ya kusaini, hata kama dereva ana haraka. Kiasi kilichoingia kibandikwe ubaoni.

MASWALI

Mwanachama, Mikocheni: Shikamoo mama. Kwetu maghorofa yanaota kila uchao. Wenye kujenga hawatuachii kitu?

Marahaba mwanangu. Wanalipa ada ya kibali, lakini inaingia kapu moja la halmashauri, haina jina la mtaa wako. England wana tozo ya miundombinu kwa wajenzi, tangu 2010: hadi asilimia 15 huenda baraza dogo la eneo husika, na asilimia 25 kama wakazi wamepitisha mpango wao kwa kura. Natamani tungefikiria jambo kama hilo. Kwa sasa, mjenzi akiwaahidi kisima au taa, ahadi iandikwe, isomwe mkutanoni, na nakala iende halmashauri.

Mwanachama, Gongo la Mboto: Dada, tulichanga tukanyanyua boma la madarasa mawili. Limesimama tu, nyasi zinaota ndani.

Pole sana, jasho la watu hilo. Je, mhandisi alilikagua tangu msingi? Kama hapana, mwiteni kwanza, maana halmashauri haiezeki ukuta isioujua. Kisha ombeni umaliziaji, na barua nyingine iende Mfuko wa Jimbo. Ambatanisheni picha na hesabu ya michango.

Mwanachama, Kigamboni: Tukihisi fedha zimetoka ila hazijafika mtaani, tumuulize nani?

Mtendaji wa mtaa, mbele ya mkutano wa wakazi, akiwa na taarifa ya mapato na matumizi. Asipojibu, diwani alipeleke swali Baraza. Swali liingie kwenye muhtasari kwa maneno yenu wenyewe, na mkutano unaofuata lisomwe tena kabla ya ajenda nyingine.