Namna ya kujenga uhusiano wa kudumu na wakfu binafsi

Nilipoanza kazi ya kutafuta ruzuku, nilituma andiko moja la kuomba fedha kwa wakfu binafsi zaidi ya 40 (mifuko ya watu, familia au kampuni inayotoa fedha kwa mashirika) ndani ya siku mbili, nikabadilisha majina tu. Hakuna hata mmoja uliotupa fedha, na mmoja ulitujibu ukiuliza kwa nini barua tuliyowatumia imetaja jina la mfadhili mwingine. Hatua zifuatazo zimetokana na makosa ya aina hiyo.

Hatua ya 1: Soma hesabu zao kabla ya kuwaandikia

Tovuti ya wakfu inakueleza wanachopenda kusema juu yao wenyewe. Hesabu zinakuonyesha fedha zilikokwenda. Marekani, kila wakfu binafsi hujaza Fomu 990-PF, taarifa yake kwa mamlaka ya kodi, kila mwaka, na fomu hiyo iko wazi kwa umma. Nonprofit Explorer, ukurasa wa mtandaoni wa shirika la habari ProPublica, unakuwezesha kuisoma bure. Ndani ya fomu utakuta orodha ya waliopewa ruzuku, kiasi na madhumuni. Kuna pia kisanduku ambacho wakfu huweka alama ikiwa haupokei maombi ambayo haukuyaita. Ukiona alama hiyo, usipoteze wiki ukiandika andiko. Tafuta kwanza mtu anayewafahamu. Kwa Uingereza, GrantNav, ukurasa wa mtandaoni wa shirika la 360Giving, unakusanya takwimu za ruzuku zilizotolewa na wafadhili wengi.

Soma miaka mitatu mfululizo. Jina lile lile likijirudia, ujue huo ni wakfu unaokaa na watu wake. Orodha ikibadilika yote kila mwaka, omba ukitaka, ila usipange bajeti ya miaka mitano juu yake.

Na utajiri wao usikutoe macho. Kwa kawaida sheria ya Marekani inautaka wakfu binafsi utoe kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya mali yake ya uwekezaji. Wenye dola milioni 10 basi hutoa kama 500,000. Ukikuta wamegawia mashirika 25, wastani ni dola 20,000. Kuwaomba 200,000 ni kuwaambia kwamba hukuwasoma.

Hatua ya 2: Anza na swali

Mwandikie afisa programu, yaani mtumishi wa wakfu anayeshughulikia maombi, sentensi nne: ninyi ni nani, mnafanya nini, kwa nini mnadhani mnaingia kwenye eneo lao, na je, inafaa mlete andiko? Afisa huyu mara nyingi si mwenye uamuzi wa mwisho. Yeye ndiye atakayewatetea mbele ya bodi nyinyi mkiwa hampo, kwa hiyo mpe maneno mepesi ya kubeba.

Hatua ya 3: Andika bajeti ya kweli

Weka kodi ya ofisi na mshahara wa mhasibu. Ukizificha ili mradi uonekane rahisi, mwakani utazilipa kwa fedha usizo nazo.

Hatua ya 4: Peleka habari mbaya mapema

Hapa ndipo nimeona uhusiano mwingi ukivunjika, na wetu mmoja ukiwemo. Mafunzo tuliyoahidi yalichelewa miezi sita. Tulinyamaza, tukidhani tutafidia, kisha tukayataja kwenye ripoti ya mwisho, ukurasa wa tisa. Afisa wetu alikuwa ameshaiambia bodi yake kwamba kila kitu kinakwenda sawa. Hakutugombeza. Ruzuku haikuongezwa, basi.

Miaka miwili baadaye, kwa mfadhili mwingine, mkufunzi wetu mkuu aliacha kazi ghafla. Wiki hiyo hiyo nilipiga simu nikiwa na mambo matatu: kilichotokea, kinachoathirika, na tunachopendekeza. Tuliongezewa muda bila fedha za ziada, kwa barua. Sisitiza hiyo barua: usihamishe fedha kutoka fungu moja la bajeti kwenda jingine kwa ruhusa ya mdomo.

Kati ya ripoti moja na nyingine, tuma pia habari fupi isiyoomba chochote. Aya mbili zinatosha. Mfadhili anayeliona jina lako wakati wa kuomba tu hukuzoea kama mdai.

Hatua ya 5: Uhusiano usiwe wa watu wawili

Maafisa huhama, na wewe utahama. Weka daftari la mawasiliano: tarehe, nani alizungumza, nini kiliahidiwa. Mwenyekiti wenu wa bodi na mhasibu wafahamike upande wa pili. Ukisikia afisa wako anaondoka, mwombe akutambulishe kwa mrithi wake kabla hajakabidhi ofisi.

Hatua ya 6: Zungumzia mwendelezo mapema

Usingoje mwezi wa mwisho. Miezi tisa kabla ruzuku haijaisha, uliza waziwazi: kwa desturi yenu, mnasaidia shirika moja kwa miaka mingapi? Baadhi ya wakfu hutaka mnufaika apumzike mwaka mmoja kabla ya kuomba tena, na ni afadhali ulijue hilo mapema. Kama kazi imekwenda vizuri, omba ruzuku ya miaka kadhaa isiyofungwa kwenye mradi mmoja. Wengi huogopa kuomba hivyo, nami niliogopa muda mrefu.

Wakikataa, shukuru, kisha uliza mambo mawili: sababu, na kama wanaweza kukutambulisha kwa wafadhili wenzao. Usiwafute kwenye daftari. Andika tarehe ya dirisha lao lijalo la maombi, na ripoti yenu ya mwaka ikitoka, wapelekee kama wengine wote.