Kuzalisha mwasumini kwa kulaza tawi, na kumpa jirani mche usiokufa

Mwasumini wetu wa Lamu hauzai mbegu za kupanda. Ua hufunguka baada ya Magharibi, hunukia usiku kucha, na kukicha lishaanza kunyauka. Basi kila mwasumini unaouona kiwandani mwa mtu, yaani uani ndani ya nyumba, kuanzia mtaa wa Mkomani hadi mtaa wa Langoni, ulitoka katika tawi la mwasumini mwingine, na tawi lile lilitolewa na mtu kwa mkono wake. Asili ya mti huu ni upande wa Bara Hindi, na umetufikia hivyo hivyo, tawi kwa tawi.

Wengi huomba tawi, hupewa, hulichomeka mchangani, na baada ya wiki mbili limekauka. Huishia kusema mkono wao hauoteshi. Mkono hauna kosa. Tawi lililokatwa halina mizizi ya kunywea maji, na jua letu halina subira. Mimi sitoi tawi tena, natoa mche wenye mizizi yake.

Hatua ya 1: Ngojea masika

Aprili na Mei ndio wakati wake. Kusi imeanza kuvuma, hewa ina unyevu na mti uko mbioni kuchipua. Vuli ya Oktoba na Novemba pia yafaa, ila uwahi, ili mizizi ishike kabla kaskazi haijakolea. Januari na Februari usijaribu.

Hatua ya 2: Tengeneza udongo

Hapa ndipo miche mingi inapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usichote mchanga wa ufuoni. Una chumvi, na ule uliojaa vipande vya makombe una chokaa pia. Chukua mchanga wa mashambani, chini ya minazi. Changanya makopo mawili ya mchanga huo, kopo moja la samadi ya punda na kopo moja la makumbi yaliyokatwakatwa.

Samadi ya punda tunayo tele, jambo la kushukuru, lakini mbichi huunguza mizizi. Irundike kivulini, iloweshe mara moja kwa wiki, uigeuze, na baada ya miezi mitatu hivi itakuwa nyeusi, laini, isiyo na harufu. Hapo ndipo iko tayari. Makumbi nayo yawe ya nazi zilizofuliwa nyumbani. Yale yaliyofukiwa baharini ili yasokotwe kamba yamejaa chumvi. Ukiwa huna mengine, yaoshe kwa maji matamu mara tatu au nne.

Na uiepuke chokaa ya ukutani. Ukuta wa kiwanda ukipakwa upya, matone huingia kwenye vyungu, na baada ya muda utaona majani machanga yamegeuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Hiyo ni chokaa inayozuia mizizi isipate madini ya chuma. Funika vyungu kabla fundi hajaanza kazi. Kama imeshaingia, badilisha udongo wa juu na umwagilie maji ya mvua.

Hatua ya 3: Laza tawi

Tafuta tawi la chini, lenye unene wa penseli, lililoacha kuwa kijani laini lakini halijawa gumu kama kuni. Likiinama bila kulia, ndilo.

Weka kopo la maziwa ya unga, lililotobolewa matundu chini na kujazwa udongo wako, kando ya chungu cha mti mama. Pima shibiri moja na nusu kutoka nchani mwa tawi, utafute kifundo, yaani pale majani yanapotokea. Ng'oa majani ya hapo. Kwa kisu kikali, kwangua ganda chini ya kifundo, upande wa chini wa tawi, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Usikate hadi kati. Fukia sehemu hiyo kina cha vidole viwili ndani ya kopo, uweke jiwe juu lisifyatuke, na ncha yenye majani ibaki nje, imesimama.

Tawi bado linanyonya kwa mama yake, ndiyo maana halikauki. Kazi yako ni kulinda unyevu tu: kata moja ya maji asubuhi, na jioni ukigusa udongo ukaona mkavu, nusu kata.

Hatua ya 4: Kata kitovu

Baada ya wiki sita hadi nane, livute tawi kidogo sana. Likikataa kutoka, limeshika. Likate upande wa mama, kisha kopo uliache pale pale wiki mbili nyingine. Usilihamishe siku hiyo hiyo, maana mche umeachishwa ziwa, usiubadilishie na nyumba.

Hatua ya 5: Toa

Toa jioni, na umweleze mwenzio maneno mawili: mti unataka jua kwa muda wa saa nne au tano kila siku, na maji yaonjwe kwanza.

Hilo la kuonja nililipata kwa machungu. Kiangazi kimoja kisima chetu kilikolea chumvi, nami niliendelea kumwagilia bila kuonja. Ncha za majani ziliungua, matumba yakapukutika, na mwasumini alioniachia bibi yangu mzaa mama ukafa. Nililia. Shoga yangu wa Langoni, niliyempa mche miaka mitatu nyuma, alisikia habari na hakusema kitu. Masika yaliyofuata akaja na kopo mkononi: "Huu ni wako, umerudi kwao." Ndio ninaoutungia maua hadi leo.

Mche ukienda mbali, Faza au Siyu kwa mashua, au Mokowe kupanda basi la Malindi, ufunge gunia bichi kwenye kopo na uufunike majani, usirushiwe maji ya bahari. Ukifika, uoshwe majani kwa maji matamu na ukae kivulini siku tatu.

Hatua ya 6: Pogoa

Maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Kila msimu wa maua ukipungua, punguza matawi kwa thuluthi, kisha weka samadi iliyoiva. Mti usiopogolewa hurefuka, huwa kamba tupu.

Matumba yachume baada ya saa kumi alasiri, yakiwa yamejaa, meupe, bado yamefumba. Yatunge kwa uzi, uyafunike kitambaa kibichi, nayo yatafunguka yakiwa nyweleni au kwenye mto wa kulalia. Ukitaka kikuba kamili, lile fungu la maua na majani ya kunukia, utahitaji na mrehani, ambao huota mizizi ndani ya glasi ya maji kwa wiki moja au mbili, hauna shida.

Mche wako mpya ukianza kutoa maua, litazame tawi lake la chini kabisa. Ikiwa linafika udongoni, tafuta kopo.