Seva kuu ikifa ghafla, ya stendibai itashika kazi kweli? Jinsi ya kuijaribu

Ile batani ya kubadilisha seva kwenye skrini ya SCADA (mfumo wa kompyuta wa kuangalia na kuongoza mtambo) sio jaribio jamani. Ukiibonyeza seva kuu inaaga vizuri, inakabidhi kila kitu, stendibai, yaani seva ya akiba, inapokea, mnaandika imefaulu. Seva inayokufa kweli haiagi mtu.

Kabla hujagusa kebo ongea na msimamizi wa zamu na maopereta, chukua kibali cha kazi, subiri mtambo utulie, piga bakapu seva zote mbili na uhakikishe stendibai imesinki, yaani data zake ni sawa na za seva kuu. Haijasinki? Usianze. PLC, zile kompyuta ndogo zinazoongoza mashine moja kwa moja, zitaendelea kuendesha mtambo hata seva zote zikilala, sawa, ila opereta anakuwa haoni kitu, kwahiyo mweke mtu pale mitamboni akiwa na redio.

Halafu weka kaunta, hii usiiruke kabisa. Tengeneza tagi (namba yenye jina lake) ndani ya PLC inayoongezeka 1 kila sekunde, ionekane kwenye skrini ya opereta na iingie kwenye trendi, yaani grafu ya historia, kwa sababu skrini iliyoganda inafanana kabisa na skrini ya mtambo uliotulia, namba zote zipo, rangi ni zilezile, kumbe unachoangalia ni cha dakika mbili nyuma. Kaunta ikiruka toka 412 hadi 431 basi skrini imekaa sekunde 19 bila kitu kipya, hamna cha kubishana hapo.

Sasa ua seva kuu, kila safari kwa njia yake. Kata umeme. Rudisha, subiri isinki, kisha chomoa kebo ya mtandao wa PLC peke yake. Safari nyingine zima programu ya SCADA tu huku Windows inaendelea, hapa wengi wanashangaa maana mashine bado inajibu ping (ile salamu ya mtandao ya kuuliza kama mashine ipo) na kama stendibai inaangalia hilo tu itaamini mwenzake ni mzima, itakaa kimya. Mwisho chomoa kebo ya kati ya seva na seva. Kama hazina njia nyingine ya kujuana kila moja itajiona ndo kuu, alamu zinakuja mbili mbili na amri zinaweza kutoka pande zote, ukiona hivyo rudisha kebo haraka na jaribio limefeli.

Kila safari, wakati seva zinapokezana, mwambie mwenzako aliyeko mitamboni awashe alamu moja kwa makusudi, iwe mmekubaliana. Nilishaona alamu iliyowashwa na kuzimika ndani ya sekunde chache za pengo ikapotea mazima, haiko kwenye orodha wala kwenye historia, wakati skrini zilirudi safi kabisa na wote tulikuwa tumesharidhika. Angalia pia saa za seva zote mbili, zikipishana mpangilio wa matukio utakudanganya.

Seva uliyoiua ikirudi lazima iingie kama stendibai na ivute data toka kwa mwenzake. Ikinyang'anya ukuu ikiwa na data za zamani, mabadiliko yote mliyofanya katikati yanaweza kufutika. Na usikimbilie kuirudishia kazi, acha stendibai iendeshe zamu nzima, hapo ndo utagundua leseni iliyofungwa kwenye seva ya kwanza, au ripoti ya asubuhi ambayo bado inaita jina la seva ileile ya zamani.