Somo: Wanga, vyuma na shimo la saa 10 jioni

Haupiti mwezi bila mtu kuja jimu akiwa ameacha ugali. Kaambiwa ugali wa usiku unanenepesha, basi jioni anakula mayai manne na kachumbari, analala tumbo linanguruma, na baada ya wiki mbili anashangaa: skwati ya kilo 100 aliyokuwa akipiga mara tano sasa inamkalisha kwenye ya tatu. Wanga wa usiku wa kuogopwa ni wale wanaopanda ungo. Huu wa sufuria hauna ugomvi na mtu anayebeba vyuma.

Somo ni la wanaofanya pawalifti, yaani skwati (kuchuchumaa na nondo mabegani kisha kusimama), benchi presi (kusukuma nondo juu ukiwa umelala chali) na dedilifti (kuinua nondo kutoka sakafuni), wakitaka nguvu ipande huku uzito wa mwili ukibaki mahali wanapoutaka. Nitakwenda hatua kwa hatua. Ya nne itakuwa ndefu, mnivumilie.

Hatua ya 1: Jua uzito wako wa kweli

Pima asubuhi ukishatoka chooni, kabla ya kunywa hata maji, siku saba mfululizo. Jumlisha, gawanya kwa saba. Huo wastani ndio uzito wako. Namba ya siku moja ni porojo tu.

Sababu ni hii. Wanga unaoula huhifadhiwa mwilini kwa jina la glaikojeni: gramu 300 hadi 500 hivi kwenye misuli, na gramu 80 hadi 100 kwenye ini. Kila gramu hukaa pamoja na maji kiasi cha gramu 3. Kwa hiyo ukienda harusini Jumamosi, ukala pilau mpaka ghala likajaa gramu 300 zaidi, Jumapili mizani itasoma zaidi ya kilo moja juu, kabla hujahesabu chumvi na chakula kilichomo tumboni. Hayo si mafuta. Na anayejisifu kapungua kilo 2 kwa siku tatu za kuacha wanga, sehemu kubwa kakojoa tu.

Hatua ya 2: Panga kazi kwanza

Siku tatu kwa wiki zinatosha. Jumatatu skwati nzito na benchi nyepesi. Jumatano benchi nzito, kisha kuvuta kwa ajili ya mgongo. Ijumaa dedilifti nzito na skwati nyepesi. Zoezi zito piga seti 5 za marudio 5, kwa uzito ambao ukimaliza la tano unajua ungeweza mawili mengine. Pumzika dakika 3 hadi 5 kati ya seti, na usione haya kukaa. Zikikamilika zote safi, wiki ijayo ongeza kilo 2.5. Kila baada ya wiki nne au tano, shusha uzito wiki moja, mwili upumue.

Naanza na mazoezi kabla ya sahani kwa makusudi: wanga ni mafuta ya gari. Hujui unasafiri umbali gani, utajazaje tangi?

Hatua ya 3: Hesabu ya siku nzima

Jumla ya siku ina uzito kuliko saa. Nimeona watu wanaogombana kuhusu ndizi ya kabla ya mazoezi ilhali kwa siku nzima wamekula nusu ya wanachohitaji.

Anza hivi: siku ya vyuma, gramu 5 za wanga kwa kila kilo ya mwili. Siku ya mapumziko, gramu 3. Protini ibaki palepale kila siku, gramu 1.6 hadi 2 kwa kilo: dagaa, mayai, maharage, maziwa, nyama ikipatikana. Mtu wa kilo 80 siku ya vyuma anatafuta gramu 400 za wanga. Kwenye sufuria inakuwa hivi:

- Asubuhi, chapati 2 za unga wa gramu 60 kila moja na chai ya sukari: kama gramu 100.
- Mchana, wali wa mchele mkavu gramu 125 na bakuli la maharage: kama 130.
- Jioni kabla ya mazoezi, viazi vitamu vya kuchemsha gramu 200 na ndizi mbivu moja: kama 65.
- Usiku, ugali wa unga wa sembe gramu 130: kama 100, na dagaa au samaki pembeni.

Siku ya mapumziko toa chapati moja, wali kata nusu, chakula cha jioni kile cha kabla ya mazoezi kiache. Utajikuta kwenye 235 hivi. Ugali wa usiku sijaugusa.

Pima unga na mchele vikiwa vikavu. Ugali ukishaiva una maji, na kila nyumba ina ugali wake. Mizani ndogo ya jikoni ni bora, lakini hata kikombe kimoja unachokijua kinatosha, mradi kiwe kilekile kila siku.

Hatua ya 4: Saa

Hapa ndipo penye shimo.

Wengi wetu tunafanya kazi, mazoezi ni baada ya kutoka. Chakula cha mchana saa 7, kwenye nondo saa 12 na nusu. Katikati hapo kuna saa tano na nusu ambazo mtu anaishi kwa maji na labda soda.

Nafanya mazoezi na kijana mmoja fundi wa kuchomelea mageti. Anakula wali maharage kwa mama ntilie, anarudi juani, jioni anakuja kupiga skwati. Seti ya kwanza safi, ya pili safi. Ya nne anaanza kupiga miayo. Si uchovu wa kawaida: miayo mikubwa, machozi yanamtoka, huku ameshika nondo. Tukalaumu usingizi, tukalaumu mkanda, tukashusha uzito. Siku moja nikamuuliza mara ya mwisho kaweka nini mdomoni, akajibu, "Ule wali, kocha." Sasa saa 10 na nusu anasimamisha mashine, anakaa juu ya sanduku la vifaa, anakula viazi vitamu viwili na chai kutoka kwenye chupa. Wiki ya tatu alimaliza seti zote tano. Sisemi viazi vina dawa. Pengine kwa siku nzima alikuwa anakula kidogo, na vile viazi vikaziba pengo lote kwa mkupuo.

Ukinyanyua mara moja kwa nguvu zote, kazi ni ya sekunde chache, na msuli hutumia akiba yake ya fosfokreatini, nishati ya papo kwa papo. Ndiyo maana mtu mwenye njaa anaweza kuvuta dedilifti yake kubwa moja na kujidanganya kwamba chakula hakina maana. Lakini seti 5 za 5, kisha zoezi la pili, zinakula glaikojeni ya msuli uleule unaoufanyisha kazi. Ghala likiwa chini tangu mwanzo, utalisikia mwishoni.

Neno "uleule" nimeliweka kwa sababu. Mwaka 1966 Wasweden wawili, Jonas Bergström na Eric Hultman, walijifanyia jaribio wenyewe. Walipanda baiskeli moja, mmoja huku na mwenzake kule, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu mpaka ukaishiwa. Kisha wakala wanga kwa wingi siku kadhaa, wakawa wanatoa vinyama vidogo kwenye mapaja na kuvipima. Mguu uliofanya kazi ulijaza glaikojeni ukapita kwa mbali ule uliopumzika. Damu ile ile, chakula kile kile. Msuli uliochoka ndio unaovuta.

Sasa ugali wa saa 3 usiku baada ya skwati unakwenda wapi? Unakwenda kwenye mapaja.

Kanuni zenyewe ni fupi. Mlo kamili muda wa saa 3 au 4 kabla ya mazoezi. Kitu chepesi saa 1 hadi 2 kabla, kisicho na mafuta mengi wala maharage, maana maharage na mkanda uliokazwa ni aibu. Katikati ya mazoezi ya saa moja na nusu, maji yanatosha. Baada ya hapo kula mlo wako wa kawaida ukifika nyumbani. Ile habari ya kwamba usipokula ndani ya nusu saa kazi yote imepotea, iache. Haraka ina maana kwa anayefanya mazoezi mara mbili kwa siku.

Hatua ya 5: Kupanda na kushuka uzito

Ukitaka kushuka, lenga nusu kilo kwa wiki, na uanze kupunguza wanga wa siku za mapumziko. Wa kuzunguka mazoezi uguse mwisho. Ukitaka kupanda, fanya kinyume: ongeza gramu 50 siku za vyuma, subiri wiki mbili, soma wastani. Wastani, nasisitiza.

Hatua ya 6: Siku ya mashindano

Kwa kanuni za shirikisho la kimataifa la pawalifti, IPF, upimaji uzito huanza saa mbili kabla ya shindano na huchukua saa moja na nusu. Muda ni mchache. Ukijikamua maji kilo nne, huwezi kuyarudisha. Ukishuka kwenye mizani kula kile tumbo lako linachokijua: uji mwepesi wenye sukari na chumvi kidogo, mkate mweupe na jemu, ndizi. Kisha meza kidogo kidogo kati ya mazoezi, maana nafasi ni tatu kwa kila zoezi na siku ni ndefu. Nafasi ya kwanza weka uzito unaoweza kuupiga mara tatu ukiwa na mafua.

Maswali ya wanachama

*Kocha, mimi napiga vyuma saa 11 alfajiri kabla ya kazi. Nile nini saa hizo?*

Kula usiku, mdogo wangu. Ukilala, ini ndilo linalopungukiwa, kwa sababu linalisha ubongo usiku kucha. Misuli ghala lake halipungui sana. Kwa hiyo ugali wa jana ndio skwati ya leo. Alfajiri kunywa chai ya sukari na kipande cha mkate, au ndizi moja. Ukiona kichefuchefu, chai tupu.

*Nina kilo 64.5, nataka kushindana daraja la kilo 63 wanawake. Zimebaki wiki tatu. Niache wanga?*

Hapana, dada. Kilo moja na nusu kwa wiki tatu inashuka kwa utaratibu wa hatua ya 5. Ikibakia nusu kilo, siku mbili za mwisho punguza maharage, mboga za majani na unga wa dona. Badala yake kula wali na mkate mweupe. Utumbo unabeba mzigo mdogo, misuli inabaki imejaa. Na kama ni shindano lako la kwanza, mimi ningekuambia ingia daraja la 69, ushibe, ujifunze amri za waamuzi. Wengi hupoteza benchi yao kwa kurudisha nondo kabla ya kuambiwa, wala si kwa uzito.

*Shekhe wangu, Ramadhani tunafanyaje?*

Ndugu yangu, mimi nimejaribu njia zote mbili. Kabla ya futari unanyanyua ukiwa mkavu, kiu inakuharibia umakini, basi piga vyepesi vya mbinu tu. Vyuma vizito weka baada ya tarawehe: futuru kwa tende na uji, swali, kula mlo wa wastani, kisha jimu baada ya saa mbili. Daku iwe na wanga wa kukaa, muhogo au wali, pamoja na mayai. Punguza seti kutoka 5 hadi 3. Mwezi mmoja wa kulinda nguvu hauna ubaya.

*Nina kisukari na natumia insulini. Mpango huu unanifaa?*

Usiuanze kabla ya kukaa na daktari wako. Mazoezi yenyewe yanaweza kushusha sukari, na inaweza kuendelea kushuka saa nyingi baadaye, hata usingizini. Vipimo vya insulini na saa za kula lazima vipangwe pamoja, na mpangaji si kocha. Ukija jimu, pima kabla na baada, uwe na glukosi au soda yenye sukari mfukoni, na mwenzako mmoja ajue hali yako.

*Kocha unasema kuongeza kilo 2.5, sisi mtaani tuna makopo ya saruji. Tutajuaje?*

Swali zuri kuliko yote. Kopo la rangi la lita 4 likijazwa zege huja kama kilo 9 na nusu, lakini kokoto zikizidi upande mmoja unapata tofauti. Beba makopo yako hadi kwa muuza nafaka, mpe pole kwa usumbufu, pima kila moja kwenye mizani yake, andika namba kwa rangi. Yanayolingana yafunge pamoja. Sisi tuliwahi kugundua kopo la kulia lilikuwa zito kwa kilo moja na robo kuliko la kushoto, na tulikuwa tumetumia miezi mitatu kumlaumu jamaa kwamba benchi yake inapinda. Kwa kilo 2.5 za kuongeza, jaza mchanga uliopimwa kwenye chupa mbili za plastiki, kilo 1.25 kila moja, funga kwa mpira wa baiskeli karibu na kopo ili zisicheze.